Breki Isiyokanyagwa

Juzi binti yangu alikuwa akicheza gemu la magari, gari lake likafunga breki lenyewe kabla ya kona. Nikamkumbuka baba.

Baba aliendesha Fuso, lori la kubeba kabichi, Lushoto hadi Mombo. Alasiri moja alinifuata kwenye chumba cha gemu, kilichonuka mafuta ya maandazi ya jirani.

"Shikamoo mzee," alisema Kaka Rajabu, mwenye chumba. "Shika usukani, ushindane na mwanao."

"Marahaba," alijibu baba, akaketi mbele ya usukani wa gemu, miguu kwenye pedali chini ya meza.

Mimi nilikuwa na pedi ya vitufe ya kuchezea. Nilimwona Rajabu akibonyeza kitu upande wa baba, nikajua nachezewa mchezo.

Kila kona baba alipiga honi, kama barabarani kwetu mlimani. Alikuwa mbele. Ghafla gari lake likapunguza mwendo lenyewe, akainama kuchungulia chini ya meza.

"Nani anakanyaga breki?"

"Mashine, mzee. Usukani ni mgumu kwa mgeni, nimekuwekea msaada."

"Uzime."

Kona iliyofuata, gari lake likaporomoka korongoni. Nilishangilia. Baba alikuwa akiutazama mguu wake wa kulia, ambao ulikuwa bado haujagusa breki.

Nilidhani amekasirika kwa kushindwa. Alfajiri, kabla hajateremka Mombo, nilimsikia uani akikanyaga breki za Fuso, akiachia, akikanyaga tena.