Kona ya Kushoto ya Picha ya Matangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa chumba cha giza mara mbili kabla ya saa nne. Sikuweza kutulia. Mara niguse beseni la dawa, mara nifungue mlango nione nje kuna nini, na mwanga ukiingia, karatasi za picha zote zimeharibika. Ilikuwa kampuni ya matangi ya mafuta huku Changamwe, nami Katana nilikuwa nimeajiriwa msaidizi wa mpiga picha. Mkuu wa Kitengo cha Picha, mzee wa Kimvita ambaye hakuvua kofia yake hata gizani, alinishika bega.

"Ndoo hapa, kijana. Mato unayo, lakini miguu imezidi. Wallahi, ukiufungua tena mlango huo, pita moja kwa moja uende kwenu."

Kwa Kimvita chake ndoo ni njoo, na mato ni macho. Sikuufungua tena. Ila kutulia sikujifunza mpaka leo, na mke wangu ni shahidi.

Vijana mnaopiga picha kwa simu, mniwie radhi nikieleza mambo mnayoyaona madogo. Filamu yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu hiyo tuliweza kuisafisha wenyewe pale pale. Kwa filamu hiyo rangi zote za dunia hugeuka kijivu. Shati jekundu na jani la mwembe huweza kutoka sawasawa, usijue lipi ni lipi. Basi tulivalisha lenzi filta, yaani kioo cha rangi. Filta ya kijani huyang'arisha majani. Filta nyekundu huyatia majani na anga weusi, na chochote cheupe kikajitokeza mbele.

Mkuu aliyagawa mafaili yetu mafungu mawili tu: Vya Mungu na Vya Watu. Mikoko, mawingu na minazi viliingia fungu la kwanza. Matangi, mabomba na ngazi za chuma vikaingia la pili. Alisema kitu cha mtu kinapigwa upesi kwa kuwa kimeshanyooshwa, lakini cha Mungu sharti ukingojee. Mimi nilipenda chuma. Mnazi ulinitesa. Nilisimama nikingoja upepo utulie, nikajikuna shingo, nikahamisha stendi ya kamera, nikabonyeza kabla ya wakati, na makuti yakatoka ukungu mtupu.

Niliwahi kuacha kazi nikaenda Nyali, kwa mwenye studio aliyepiga bustani za mahoteli. Yeye alitaka mnazi ulioinama na mchanga usio na mtu, kila siku, mwezi hata mwezi. Nilidumu miezi minane. Niliporudi Changamwe, Mkuu alinipa koti langu la kazi bila kuniuliza neno.

Mwaka uliofuata Meneja wa Bohari alitaka picha kubwa ya kutundika mapokezi. Alikuja mwenyewe, akasimama nasi nje ya ukuta.

"Nataka matangi peke yake," alisema. "Hizo takataka za kushoto ziondoe."

"Ile ni minazi, bwana Meneja," Mkuu akamjibu.

"Basi izime."

Mkuu aliniachia kazi hiyo, na nikaifanya kwa furaha. Nilivalisha filta nyekundu, nikapiga matangi meupe chini ya anga jeusi. Ndani ya chumba cha giza nikaichoma ile kona. Kuchoma ni hivi: picha inapomulikwa kwenye karatasi, unaikinga kwa kadi yenye tundu, mwanga ukapita hapo tu kwa muda wa ziada, na hapo pakageuka giza. Niliichoma kona ya kushoto mpaka ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Meneja alinipa mkono. Kwa picha ile nikapandishwa cheo, na Mkuu alipostaafu nikakalia kiti chake. Mara kadhaa niliitwa kwenye uchunguzi wa ajali, na kila mara nilisema kwa kujiamini kwamba picha haisemi uongo.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Shika Adabu, Likoni. Navuka feri asubuhi, narudi, mchana navuka tena, sina ninaloliendea. Mke wangu asema nihamie huko huko kwenye feri apate kufagia nyumba kwa raha.

Mwaka huu alinijia mwanamke mmoja, Kadzo, mfanyakazi wa kiwandani, ameshika bahasha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya picha yangu. Kampuni ilitaka kusogeza ukuta wake hadi kiwanja wanachokaa kina Kadzo, na wakili wa kampuni alikuwa amewasilisha picha ile mbele ya kamati ya ardhi kuonyesha kwamba zamani hapakuwa na kitu.

"Babangu alipanda minazi kumi na minne pale," alisema Kadzo. "Sisi hatuna karatasi. Minazi ndiyo hati yetu. Na nyuma ya picha pana jina lako."

Nikamwambia ni zamani mno, sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Aliaga kwa heshima, nami nikabaki na aibu iliyonikosesha pa kukaa. Siku tatu nilizunguka, Likoni hadi Changamwe na kurudi. Nikisema kweli, picha niliyojivunia maisha yangu yote itakuwa uongo, na mimi nitakuwa mwongo. Nikinyamaza, mtu atatolewa kwao.

Siku ya nne niliitoa picha yangu ya asili nikaipitisha chini ya kioo cha kukuzia. Kona ilikuwa giza tupu. Lakini upande wa chini wa tangi la kwanza, juu ya ule weupe wake, palikuwa na michirizi myembamba kama meno ya kitana. Vilikuwa vivuli vya makuti. Jua la asubuhi lilikuwa limeilaza minazi juu ya chuma, na mimi katika pupa yangu sikuona.

Nikaenda mbele ya kamati. Wakili akasema kivuli chaweza kuwa cha kitu chochote. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mzee, tuamini picha au tukuamini wewe?"

"Picha niliifanya mimi," nilijibu. "Giza hilo ni kazi ya mkono wangu. Niliambiwa niizime minazi, nikaizima." Nikatoboa karatasi tundu, nikawaonyesha nilivyofanya. Ukumbi ulinung'unika, na masikio yaliniwaka moto. Lakini kamati ikaandika kwamba minazi ilikuwepo, na kina Kadzo wasiondolewe.

Nje Kadzo alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, baba. Mungu akubariki. Lakini umewaambia habari za minazi tu."

"Kwani kulikuwa na nini kingine?"

"Nyumba yetu. Ya udongo, katikati ya minazi. Kila ukija na kamera mama alitupanga mlangoni, sisi saba. Tulidhani unatupiga picha."

Nyumba hiyo kuna mtu aliyekata fito zake, akakanda udongo na kuusiriba kwa kiganja chake. Hakuna kitu cha mtu zaidi ya hicho. Nami nilikihesabu pamoja na majani, nikakichoma pamoja na waliokuwa wamesimama mlangoni. Ningetulia kidogo tu nyuma ya lenzi ningewaona.

"Sikuwaona, mwanangu," nilimwambia.

Kadzo alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Mama alituogesha kwanza," alisema.