Swichi ya Kuzima Maonyo

Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, mtaani Rwamishenye, kwenye meza niliyokuwa nikitengenezea redio. Kanuni yangu ya kwanza ilihusu Makefile, faili linaloielekeza kompyuta namna ya kuunda programu: swichi zote za maonyo, yale ambayo kompyuta hutoa ikihisi kasoro katika programu, zikae juu, mahali pamoja, kila moja mstari wake na sababu yake pembeni. Anayezima onyo lolote aandike kwa nini.

Shemeji yangu, mume wa dada, ana shahada ya kompyuta. Tulishirikiana kutengeneza kengele ya friji ya chanjo kwa zahanati moja ya kisiwani, Muleba. Kazi yake ilikuwa moja: joto likishuka chini ya sifuri, ilie, maana chanjo zile zikiganda hazifai tena.

Siku ya kuwaonyesha wafadhili wa mradi, kioo cha kompyuta kilijaa maonyo.

"Shemeji, unakaribisha wageni hujafagia uwanja?" aliniuliza.

"Hizo si takataka. Zisome."

"Nimesoma miaka minne, yatosha. Onyo si kosa." Akaongeza -w mwisho wa mstari mmoja wa Makefile, swichi inayozima maonyo yote. Sababu hakuandika. "Wakiondoka nitaitoa."

Hakuitoa. Niliiona mara nyingi na sikuigusa, kwa kuwa yeye ndiye msomi.

Baada ya majaribio akabadilisha namna programu inavyohifadhi namba ya joto, ili kubana nafasi ya kumbukumbu. Namna mpya haikupokea namba iliyo chini ya sifuri, kwa hiyo kengele isingelia kamwe. Kompyuta ingetuambia hivyo kwa mstari mmoja. Tulikuwa tumeizuia kusema.

Kengele ilipokwisha kufungwa kisiwani, muuguzi wa zahanati alinipigia simu asubuhi moja. "Kaka, chupa zimeganda na kengele yenu iko kimya. Akina mama wametoka kambi za uvuvi za mbali kwa mitumbwi. Niwaambie nini?"

Walirudi na watoto wao bila chanjo.

Kikaoni na wafadhili, Bukoba, shemeji alieleza kwamba programu iliundwa kwenye kompyuta yangu. Ni kweli. Nilisubiri aitaje -w, hakuitaja. Mfadhili mmoja akaniuliza nimesomea wapi.

"Nyumbani."

Akaandika.

Kengele ilirudishwa kwangu ndani ya boksi. Niliifuta -w, nikaunda upya, na onyo likatokea palepale. Nilisahihisha kwa neno moja, nikaijaribu kwa barafu, ikalia. Nilipoomba irudi kisiwani, wafadhili walinijibu kuwa hawataki tena kazi ya fundi redio. Friji ile sasa haina kengele yoyote.