Ghala la Kahawa na Vifaranga wa Mama Anaeli

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, ile baridi ya Meru inayokufanya ufunge kitenge juu ya sweta, nilipousukuma mlango wa ghala la baba yangu pale Maji ya Chai nikakuta vifaranga mia tatu wamelala chali. Nilisimama na ufunguo mkononi. Niliwaza kwamba wamesinzia tu. Mtu akiona jambo asilotaka kuliona, akili humtafutia kwanza maelezo mazuri, na mimi niliyapata kwa muda wa pumzi tatu hivi. Kisha nikamwona mwenye vifaranga, Mama Anaeli, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, mwanawe mapajani, na shingo ya yule mtoto imelegea.

Sikupanga kukusimulia habari hii. Watu wengi wa ukoo wetu hawaijui, na waliokuwa wakiijua wengi tumeshawazika. Lakini jana uliponiletea ndizi hapa Sakina, ukakaa, ukatoa simu na kunisomea njia zako za kupata kipato kwenye ghala lile lile, nilifurahi mwanzoni. Ulisema wenye magari ya watalii wanatafuta pa kuyaegesha msimu wa mvua. Ukasema wanunuzi wa parachichi wanahitaji pa kupangia makreti, na kwamba hata ukumbi wa sherehe za kipaimara ungefaa. Nikasema moyoni, mtoto wa kaka yangu ana kichwa. Halafu ukafika kwenye mpango unaoupenda kuliko yote: nusu chekechea, nusu bohari ya dawa za nyanya, katikati ukuta wa jipsam. Nikapaliwa. Ukanipigapiga mgongoni ukisema, "Pole Shangazi, chai ya moto." Chai ilikuwa imeshapoa, mwanangu. Nilishtuka mpaka usiku sikupata usingizi, na ndiyo maana nimekuita leo.

Ghala lile babu yako alilijenga kwa ajili ya kahawa. Chama cha wakulima kililipanga kwa miaka mingi, na mtunza ghala alikuwa Mzee Nderingo, mtu mfupi, mkali, mwenye pua ambayo sijaona nyingine mfano wake. Alikuwa akisimama mlangoni akimnusa kila anayeingia. Siku moja alimrudisha mama yangu kwa sababu mikono yake ilinuka kitunguu. Mimi alinifukuza mara mbili kwa ajili ya mafuta ya nywele. "Kahawa inavuta kila harufu iliyomo ndani," alikuwa akisema. "Ukiweka gunia la kahawa kona ile na kopo la mafuta ya taa kona hii, mnywaji wa Ulaya atakunywa mafuta ya taa." Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza, tukinusana makwapa na kurudishana nyumbani. Kumbe mzee yule alikuwa anatufundisha.

Baadaye bei ya kahawa ilianguka. Watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na maharage, chama kikafunga shughuli zake, na ghala likabaki na popo. Baba miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, akanikabidhi ufunguo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kidato cha nne nimemaliza, na ulimi mrefu kuliko akili. Nikasema nitamwonyesha baba kwamba jengo tupu linaweza kulisha nyumba nzima.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alihitaji nusu tu. Ile nusu nyingine ikawa inaniuma kila nikiitazama, mpaka nilipompata Mama Anaeli. Huyu alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, mume wake alikuwa amekwenda Mererani kuchimba madini na habari zake zilikuwa chache. Alikuwa ameuza ng'ombe wake pekee ili aanze ufugaji wa kuku, naye alitaka mahali penye bati zuri pasipoingia upepo. Nikamwita fundi. Akanipigia ukuta wa plaiwudi katikati, urefu wake kama mtu aliyenyoosha mkono juu, kwa sababu mbao ziliishia hapo.

Nilijisifu mwanangu, we acha tu. Nilikuwa nikipita sokoni nikisema ghala moja nimelifanya mawili. Mzee Nderingo, ambaye siku hizo hakuwa na kazi, alikuja kuangalia. Hakuutazama ukuta. Alitazama juu yake, pale palipokuwa wazi mpaka kwenye paa.

"Binti," akaniuliza, "huko juu umempangisha nani?"

"Popo," nikamjibu, na mafundi wakacheka sana. Naye akatabasamu kidogo, akaondoka zake.

Vifaranga wa Mama Anaeli walifika wakiwa na umri wa siku moja. Siku ya tatu yake, mchana, yule mfanyabiashara akanifuata nyumbani. Wadudu wameingia kwenye mahindi, akasema, na jioni ile angeweka vidonge vya kufukiza na kufunika magunia kwa turubai. "Mwambie yule mama awahamishe vifaranga wake leo hii, na mtu asiingie mpaka nitakapofungua. Ile dawa si mchezo."

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Sikumwambia.

Nataka unisikie vizuri hapa, kwa kuwa wewe ni mtoto mwema na utataka kunitetea. Sikusahau. Nilivaa viatu, nikatoka, nikafika hadi kwenye kona ya mgomba ambapo ghala linaonekana, nikawaza: nikimwambia, atawapeleka wapi vifaranga wa siku tatu kwenye baridi hii? Akiwapata pa kuwapeleka, hatarudi. Nitabaki na nusu tupu na ukuta wa plaiwudi. Nikajiambia turubai lipo, ukuta upo, na yule bwana anapenda kukuza mambo. Nikarudi nyumbani nikamenya viazi.

Asubuhi yake ndiyo ile niliyoanza nayo. Mama Anaeli alikuwa ameingia alfajiri na mtoto mgongoni kuwasha jiko la mkaa, akafunga mlango ili joto lisitoke. Nilimvuta nje kwa kwapa, nikarudi nikambeba mtoto. Alikuwa na miezi minane na alikuwa mzito ajabu. Mama alikuwa anatapika, hawezi kusimama. Nilipiga yowe mpaka watu wakatoka kila upande, Mzee Nderingo akiwa miongoni mwao. Jirani mwenye pikapu akatupakia, mzee akaruka nyuma na blanketi la mtoto mikononi, tukaenda hospitali.

Pale kila mtu alishajua sababu. Mwanamke, jiko la mkaa, mlango umefungwa. "Hawa kina mama hawasikii," alisema muuguzi mmoja, na Mama Anaeli alikuwa kitandani anasikia kila neno. Akaanza kulia kimyakimya akiamini kwamba amemuua mwanawe kwa mkono wake. Daktari akanigeukia mimi.

"Ndani ya jengo kulikuwa na nini?"

"Mkaa," nikasema.

"Hakukuwa na kitu kingine?"

"Hakukuwa na kingine."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi. Nimezika wazazi, nimezika mume. Hakuna kitu kilichonishtua maishani kama kusikia sauti yangu mwenyewe ikitoa yale maneno, laini kabisa, bila kutetemeka. Sikujua kwamba ndani yangu anaishi mtu wa namna hiyo. Mtoto yuko pale anahema kwa shida, daktari anauliza ili apate kumsaidia, na mimi nalinda kodi ya nusu ghala.

Nikatoka hadi kwenye ukumbi wa nje. Mzee Nderingo alikuwa amesimama dirishani, amelishika lile blanketi, ameliweka puani kama alivyokuwa akifanya na kahawa. Alinusa, akalishusha, akanusa tena.

"Mkaa haunuki hivi," akasema. "Hiki ni kitunguu saumu kilichooza, na samaki ndani yake. Ghalani wamefukiza."

Nikautazama mlango wa kutokea.

"Uliambiwa?"

Nikaangalia sakafu. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige.

"Binti, nakuuliza. Uliambiwa?"

"Shikamoo mzee," nikasema. Fikiria! Akili ilikuwa imeniruka, nikamwamkia mtu niliyefika naye kwenye gari moja. Hakuitikia.

"Miaka yote ile nilikuwa nawarudisha watu mlangoni kwa ajili ya kahawa," akasema. "Kitu cha kuchemsha na kumwaga masimbi. Wewe umemfungia mtu na mtoto wake kwenye hewa ya sumu kwa kunyamaza. Ukuta wako unazuia macho tu. Rudi ndani ukaseme, na usikae chini kabla hujasema."

Nilirudi. Nilisema mbele ya daktari, mbele ya yule muuguzi, na mbele ya Mama Anaeli aliyekuwa amelala pale. Nikasema niliambiwa jana mchana. Daktari hakupoteza muda wa kunitukana. Aliita watu, wakambadilishia mtoto chumba, wakaanza kuuangalia moyo wake kwa namna nyingine, na akaagiza mtu apige simu ili ghala lifungwe asiingie mtu tena. Muuguzi aliyesema kina mama hawasikii alitazama pembeni. Mama Anaeli alinigeuzia mgongo.

Siku ya tatu mtoto alilia akitaka ziwa. Nilikuwa mlangoni, nilikuwa nakuja kila siku na uji ambao hakuna aliyeunywa. Mama Anaeli alinitazama kwa mara ya kwanza. Nilianza kusema nisamehe, akanikatiza kwa kunyoosha mikono akiwa na mtoto.

"Mshike," akasema.

"Mama Anaeli, mimi..."

"Nimekwambia mshike."

Nikamshika. Akaniacha naye muda mrefu, akinitazama usoni, mpaka mikono ikaanza kuuma. Mtoto alinivuta hereni. Kisha mama yake akamchukua, akasema, "Sasa unamjua."

Baba alitoa mtamba zizini kwake, na nilimswaga mwenyewe kwa mguu mpaka kwa Mama Anaeli, watu wakiangalia. Ufunguo alimpa Mzee Nderingo. Mwaka mzima nilifagia ghala chini ya yule mzee bila malipo, nikajifunza kunusa, ndipo ufunguo ukarudi kwangu. Na Anaeli, yule mtoto? Ni baba wa watoto watatu sasa, anauza mbegu pale Tengeru. Tukikutana ananiamkia kwa heshima, "Shikamoo mama," na kila mara naitikia marahaba nikitazama chini, maana mama yake hakuwahi kumwambia.

Basi mwanangu, sikukatazi kulipangisha. Jengo liwe na kazi, watu wale. Walete wenye magari, walete wa parachichi, walete kwaya iimbe mpaka mabati yatetemeke. Lakini usimpangishe mtu kabla hujajua anaingia na nini na anakitumiaje. Ukiwa na wapangaji wawili, waweke meza moja, kila mmoja amwambie mwenzake kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Wewe usiwe njia ya kupitishia habari, kwa maana nimekuonyesha habari ilivyokwama kwangu. Watoto na dawa za nyanya hawakai chini ya paa moja, hata ukuta uwe wa zege. Hilo sitaki tulijadili. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, useme wakati bado kuna mtu wa kuokolewa. Usingoje ulizwe mara ya pili.

Ufunguo huu hapa. Ni ule ule, umechakaa kidogo kwenye meno. Nyoosha mkono, mwanangu. Mungu wa babu zako akupe wapangaji waaminifu na pua ya Mzee Nderingo. Akupe kinywa kinachofunguka mapema kuliko changu. Na kila atakayeingia chini ya bati lako akiwa na mtoto mgongoni, atoke naye akitembea kwa miguu yake.