Mwalimu Asiyekuwa na Shamba

Kiwanja kile kilikuwa jaa. Kiko Tononoka, nyuma ya nyumba aliyoiacha marehemu mjomba wangu, na kwa miaka mingi watu walitupa humo vifuu, magodoro yaliyooza na chupa zilizovunjika. Siku ya kwanza ya mafunzo tulifika wanawake wachache wa Mji wa Kale, pamoja na wanaume wawili waliokuwa wamepunguzwa kazi bandarini. Tulisimama ukingoni, mabuibui tumeyakunja yasiguse taka, tukimtazama mwanamke mwembamba mwenye viatu vya mpira akiingia katikati ya uchafu ule kama anayeingia ukumbini kwake. Akainama, akachimbua kwa kijiti, akatuinulia konzi ya udongo mweusi.

"Ardhi hii imeshiba," alisema. "Imefunikwa tu."

Ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alikuwa ametoka bara, akaajiriwa na kikundi kidogo kilichojitolea kuwafunza watu wa mjini kulima mboga, watu ambao hawajapata kushika jembe maishani mwao. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kazi yangu ni kukaanga viazi karai na mihogo, jioni, kule ufukweni Mama Ngina, na mboga nilizijua sokoni tu.

Kilichonipeleka ni mama yangu. Mama alikuwa na sukari, na daktari alimwambia ale mboga za majani kila siku. Lakini kwetu mboga hutoka mbali. Zikifika kichochoroni petu huwa zimekwisha kunyauka, na mvua ikiharibu barabara za bara hupanda bei hadi mtu akanunua mkate badala yake. Majirani zetu wengi walikuwa wakiishi kwa mkate na chai, na viazi vyangu mwenyewe.

Nilipomwambia mama kwamba nakwenda kujifunza kilimo, aliitazama mikono yangu.

"Jembe? Sisi? Babu yako alikuwa fundi wa milango."

"Nakwenda kujifunza tu, mama."

"Haya. Ukirudi uoge kabla hujaniamkia."

Kujifunza kwenyewe kulikuwa na aibu zake. Nilipanda mbegu za mchicha chini mno, zikaoza. Tukamwagilia sukuma wiki kwa maji ya kisima cha pale kiwanjani, ambayo yana chumvi kama visima vingi vya kisiwani, na majani yakaungua pembezoni kama yaliyopitiwa na moto. Mmoja wetu alizika matumbo ya samaki kwenye tuta ili yawe mbolea, na asubuhi tulikuta paka wa Tononoka nzima wamelifukua, wamelala juu yake wameshiba. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatufunza: yawekeni maji ya kuoshea mchele, msiyamwage. Anzeni na mboga zile zinazovumilia, bamia, matembele, mnavu. Wekeni makumbi ya nazi kwenye kitako cha gunia la kupandia kabla ya udongo, yatashika maji wakati mabomba yamekauka. Hakupata kumwambia mtu kwamba amekosea. Alikuwa akiuliza tu, "Mmea umekuambia nini?" na wewe mwenyewe ukaona.

Mavuno yalipoanza, yeye ndiye aliyesema yasiende sokoni. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, tuliweka meza mbele ya baraza ya nyumba yetu. Mwenye uwezo alitoa alichojaaliwa, asiye nacho alichukua fungu lake na kwenda zake, wala hakuna aliyemtazama mikononi. Wakaja vikongwe ambao hawakuwa wametoka majumbani mwao kwa muda mrefu. Wakaja wake wa wapakiaji wa gati la Mbaraki, Wakristo, ambao hapo kabla hatukuwa tukisalimiana nao ila kwa kichwa.

Mama naye alilainika. Mwalimu alikuwa akipita nyumbani na kitita cha mnavu, anabisha hodi, anavua viatu mlangoni, anasema "Sabalkheri, mama," kwa lafudhi yake ya bara, na mama anamjibu kwa salamu zote mpaka za watu wa kwao asiowajua. Kisha waingia jikoni. Kwao mnavu hupikwa kwa maziwa, kwetu kwa tui la nazi, na walibishana juu ya jambo hilo kila wiki kwa raha kubwa. Siku moja nilimsikia mama akimwita "mwanangu." Mimi ni mtoto wake pekee, na niliposikia nilifurahi, sikuona wivu.

Jikoni humo ndimo nilimojua habari zake. Mama alimuuliza, "Kwenu mna shamba kubwa, eeh?"

"Lipo la marehemu mume wangu," alijibu, akiendelea kuchambua majani. "Yeye alikuwa akifanya kazi Mbaraki, mimi nikilima kule. Alipofariki, ndugu zake walikaa kikao. Sikumzalia mtoto. Wakaniambia shamba halinijui."

"Wewe uliyelilima?"

"Mimi niliyelilima."

Mama alimsogezea kiti.

Mwaka uliofuata mwalimu akaanza kukonda. Alisema ni tumbo, kisha akasema ni joto la Mombasa. Alikuja kiwanjani kama kawaida, lakini sasa alikuwa akifundisha ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kunituma mimi niwaonyeshe wanafunzi wapya namna ya kupandikiza. "Mkono wako umekuwa mwepesi," aliniambia. Nilifikiri ananisifu. Siku nyingine, wanafunzi walipokuwa wameondoka, aliniita nikae karibu naye.

"Nina uvimbe," alisema. "Umekwenda mbali. Daktari ameniambia kweli, na mimi nilimwomba aniambie."

Nilimshika mkono. Ulikuwa na udongo, mkavu, na moto.

"Nimewafunza watu kulima kwenye ardhi za watu," aliendelea, "na sijuti. Lakini nikifa, nizikeni hapa hapa. Yako makaburi ya Wakristo Mombasa. Msinirudishe kule."

"Inshallah hutakufa."

"Wewe ni mkulima sasa," alisema. "Usiseme hivyo. Sema umesikia."

Nikasema nimesikia.

Alilazwa hospitalini mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Tulikwenda kwa zamu, na kila aliyekwenda aliulizwa habari za kiwanja kabla hajaketi. Mama, ambaye miguu ilikuwa imemvimba na ngazi za nyumba yetu zilikuwa zikimshinda, alishushwa kwa kushikwa huku na huku, akapelekwa. Alimlisha kwa kijiko uji mwepesi. Adhuhuri moja, mimi nikiwa njiani na chupa ya chai, mwalimu alifariki.

Kwetu sisi maiti huzikwa siku hiyo hiyo. Tulidhani kesho yake tutakuwa tumemsitiri. Kumbe hospitali ilikuwa imekwisha kuwaarifu shemeji zake, na mmoja wao akasema asiguswe mpaka afike. Basi mwalimu akabaki mochari, na sisi hatukujua la kufanya na mikono yetu. Mama aliuliza kila asubuhi, "Yuwapi sasa?" nami namjibu yuko pale pale. Alilia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe, kwamba mwanamke yule alale kwenye baridi bila mtu wake.

Tukaamua kuweka matanga nyumbani kwetu, ingawa hayakuwa ya dini yetu wala ya desturi yao kamili. Wake wa Mbaraki wakaja kuimba nyimbo zao kwa sauti ya chini. Majirani wakaleta mikeka. Tulikwenda kiwanjani, tukavuna kila kilichokuwa tayari na hata kilichokuwa bado, tukapika wali na mboga kwa masufuria ya arusi. Watu wakala, wengi wao vichwa chini.

Shemeji aliwasili, mtu mzima, mpole wa kusema, suti yake imechakaa kwa safari. Tulimkaribisha barazani, tukampa maji ya kunawa na sinia ya chakula. Alikula kama mtu mwenye njaa. Nilimwacha amalize nusu ya sahani, kisha nikamweleza maneno ya marehemu, kwamba alitaka azikwe hapa.

"Dada yangu," alisema, "mke huzikwa ubavuni mwa mumewe. Nikimwacha huku, wazee watasema tumemtupa."

"Ni yeye mwenyewe aliyesema."

"Alikuwa mgonjwa. Mgonjwa husema mengi."

Mimi sikuwa ndugu wa marehemu, sikuwa na karatasi wala damu. Alichota mboga tena, akauliza, labda kwa ajili ya kubadilisha mazungumzo, "Huu mnavu mzuri. Mnaupata wapi hapa Mombasa?"

Mama alikuwa ameketi ndani ya mlango. Yeye ndiye aliyejibu.

"Ni wake. Ameupanda yeye, kwenye jaa."

Mkono wake ukasimama.

"Na lile shamba la mumewe," mama akauliza, "linalimwa na nani?"

"Limelala, mama. Vijana hawataki kulima siku hizi."

"Limelala."

"Mambo ya ardhi ni marefu, mama."

"Mbona shamba la kumzika mmelipata upesi?"

Alisema hivyo bila kupaza sauti, na kwa adabu ile ile ya kumwambia mgeni karibu. Yule bwana aliweka sahani chini. Macho yalimjaa machozi, na mimi, niliyekuwa nimekusudia kumchukia, nikaona ni mtu tu, amechoka, ametumwa na wazee waliobaki nyumbani. Alinawa mikono. Akasema, "Mimi kwenye kikao kile nilikuwepo, na nilinyamaza."

Hata hivyo alimchukua. Asubuhi tulisimama nje ya mochari, wengine tumevaa buibui, wengine leso nyeusi kichwani, tukatazama jeneza likipakiwa garini. Mmoja wa wale wanaume wa bandarini aliuliza kama twaweza kuongozana nalo hadi darajani, pa kutokea kisiwani. Dereva akasema hawezi kungoja. Gari likaondoka taratibu kwa sababu ya foleni, kwa hiyo tulilifuata kwa miguu kwa kitambo, bila kupanga, mpaka njia ilipofunguka na likatuacha.

Kikundi kile hakikumleta mwalimu mwingine. Wanafunzi wapya walipokuja walinikuta mimi, nami nikaanza kuwafunza kwa sababu hakuwepo mwengine. Nawaonyesha chumvi ilivyounguza majani. Nawaambia wayaweke maji ya mchele. Lile swali lake juu ya mmea nililijaribu mara moja, likatoka kinywani mwangu kama nguo ya kuazima, nikaliacha. Baadhi yao hawarudi baada ya wiki ya kwanza. Sehemu ya kiwanja tumeirudisha kwa watoto wa mjomba, wanataka kujenga, na haki ni yao.

Mama anaendelea kula mboga zake, ila mnavu hataki tena. Namwekea mchicha au matembele, anakula bila kusema. Meza ya Ijumaa bado ipo, ndogo zaidi. Wiki iliyopita alikuja mke mmoja wa Mbaraki aliyekuwa amesafiri kwao muda mrefu, hana habari. Alichukua fungu lake la bamia, akatazama huku na huku, akauliza mwalimu yuko wapi siku hizi.

Nilimwambia amerudishwa kwao.

"Alhamdulillahi," akasema, kwa vile amezoea kukaa nasi, "alipatamani sana nyumbani."

Nyuma yake watu walikuwa wakingoja. Nikamfungia bamia zake kwenye gazeti, nikamwomba aingie ndani akakae na mama kidogo, mama amweleze.