Udongo wa Kibuyu cha Bibi

Harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi hunirudisha kijijini kwetu Mtinko hata nikiwa katikati ya soko la mjini. Nyumbani kwetu kibuyu kilioshwa kwa majivu na vijiwe: unatia maji, unatikisa mpaka bega linauma, kisha unakifukiza kwa kijinga cha moto. Msichana aliyepeleka chombo kichafu kwa watu aliiaibisha nyumba nzima, na mama alitulea tukiiogopa aibu hiyo kuliko fimbo. Nayasema haya mapema ili msomaji anihurumie kidogo, maana kosa nililolifanya nikiwa darasa la tano nililifanya kwa usafi.

Mwaka huo tulipata mwalimu mpya wa historia, Mwalimu Salumu, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole. Tulipofika kwenye habari za watu kuhamishiwa vijijini, jambo ambalo kitabu chetu kililimaliza kwa mistari miwili, alikifunga kitabu. Akasema historia hukaa kwanza katika vitu na vinywa vya watu waliokuwepo, ndipo huja vitabuni. Akamtaka kila mmoja alete kitu kimoja cha wakati ule. Wenzangu walianza kuringia majembe na vigoda vya kwao. Mimi nilikikumbuka kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya kitanda cha Bibi, mama mzaa baba, kikiwa kimezibwa kwa kitambaa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini Bibi alikuwa shambani kwenye alizeti, nami nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Asubuhi ile nilikifungua. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu, mkavu, kama viganja viwili. Nikaona kinyaa, nikaumwaga uani palipokuwa na kuku, nikakiosha kibuyu mara tatu na kukipaka mafuta mpaka kikang'aa. Darasani Mwalimu alikigeuzageuza, akakinusa.

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Uchafu tu, Mwalimu. Udongo mwekundu. Nimeshaumwaga."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Udongo wa kwetu ulikuwa mweupe, wa kichanga, na kila mtoto mle darasani alilijua hilo. "Udongo hauingii kibuyuni wenyewe," alisema. "Rudi nyumbani sasa hivi, ukamwulize bibi yako."

Nilimkuta amesharudi, amepiga magoti uani penye udongo ule mwekundu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Hakuitikia. Sikuwa nimewahi kuona mkubwa asiyeitikia shikamoo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Bibi akasema bila kuinua uso, "Huu ni udongo wa kaburi la mwanangu." Ungo ukamponyoka mama, uwele ukatapakaa. Hakuna aliyejua, hata baba mwenyewe hakujua, kwamba kabla yake alizaliwa mtoto mwingine, akafa akiwa anatambaa, akazikwa nyuma ya nyumba yao ya zamani. Siku ya kuhama, lori likisubiri, kila mtu alichukua alichoweza kubeba. Bibi aliliacha jiwe lake la kusagia, akateka udongo wa kaburi. Baadaye mahali pale palilimwa, na hakuna tena anayeweza kupaonyesha. Nilikuwa nimemmwaga mtoto wa Bibi mbele ya kuku.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, lakini Bibi siku ile hakuwasikiliza. Alizoa kwa viganja, mwekundu na mweupe pamoja, kwa kuwa kuku walikwishapekua na hapakuwa na namna ya kuutenganisha, akautia wote katika kibuyu nilichorudi nacho. Hakunipiga wala hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Kesho yake alinishika mkono, akaja nami shuleni, akaketi kwenye kiti cha Mwalimu, akasimulia yote kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kinyaturu.

Sasa mimi mwenyewe nafundisha historia, hapa mjini Utemini. Wanafunzi wangu huniletea picha katika simu za wazazi wao, na ninaposikia mmoja akisema, "Madamu, ile ya babu ilikuwa na ukungu, nimeifuta," nashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Sisi tulisafisha kwa majivu na vijiwe, tukatoka jasho. Wao wanasafisha kwa kidole kimoja. Bibi alishafariki, na kibuyu aliniachia mimi, si baba. Kila mwaka nakiweka mezani, nakifungua, nawasimulia. Muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha pili alichungulia ndani kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu, "Madamu, huu ndio udongo wenyewe wa kaburi?" Darasa zima likanigeukia. Nilitamani sana kuitikia ndiyo.

"Mwekundu ni wa mtoto," nikamjibu. "Huu mweupe ni wangu mimi."