Chaza Aliyesuguliwa kwa Ajili ya Idi

Sebuleni kwetu Mirongo kuna tangi la kioo la mume wangu, lenye maji ya chumvi anayochanganya mwenyewe, na ndani yake chaza wa baharini, mkubwa kama bakuli la uji, aliyeletwa kutoka Dar. Mume wangu akisafiri anamuulizia huyo kwanza, mimi baadaye. Nimezoea.

Karibu na Idi alikuwa Bukoba. Dada yake mkubwa, aliyemlea, akavuka kutoka Kamanga kunisaidia usafi. Kwetu sikukuu haiikuti nyumba chafu. Hata miguu ya viti husuguliwa. Narudi sokoni, namkuta wifi kamweka chaza kwenye beseni, anampiga brashi.

"Ana ukoga huyu! Wageni waje waone?"

"Wifi! Umemtoaje?"

"Si nimemng'oa. Kang'ang'ania jiwe utadhani kalizaa."

Nikamrudisha majini mbio. Chini yake nyuzi anazojishikizia jiweni zilikuwa zimekatika, na zinapotokea pamechanika. Nyama yake ya bluu, anayoitandaza ipate mwanga, ilikuwa imenywea. Tukampigia aliyemuuza. Akasema tumweke juu ya jiwe, taa iwake, tusimguse. Akipona atatoa nyuzi nyingine ajishikize. Ila akibaki na magamba wazi hata kivuli kikimpitia, basi tena, hatapona.

"Mdogo wangu hatanisemesha," wifi akasema, akaanza kukunja kanga zake aondoke. Nikamzuia. Kusema kweli, nilitaka mtu wa kumtazama chaza naye. Tukavuta viti, tukawa tunapitisha mikono juu ya tangi. Magamba wazi vilevile.

"Hivi anaonaje kivuli," nikauliza, "na hata kichwa hana?"

"Mimi ninacho, na sikuona," akajibu. Nikamwonea huruma.

Asubuhi ya Idi wifi akapita na sinia, chaza akafumba, fyap! Alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Jioni mume wangu akafika. Wifi akamwambia yote hata viatu hajavua. Mume wangu akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akakunja mikono ya shati, akazamisha mkono amwinue aone kidonda.

Wifi akamchapa kofi la mkononi, kama alivyomchapa utotoni.

"Toa! Kashaanza kushika, utamng'oa!"