Vichupa vya Shemeji Yangu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alirudi kutoka Kigoma na sanduku la vichupa, na tangu siku ile jikoni kwangu hapakunuka chakula tena. Palinuka ndizi ambazo hazikuwa ndizi, na mnanaa mkali wa kuwasha macho, na kitu alichokiita keki ya maziwa. Mimi nimeoka keki za ubatizo wa watoto wangu wote. Sijawahi kuoka kitu kinachonuka vile.

Ningekuwa na moyo mwingine ningesema alikuja kwa nia njema. Lakini sina moyo huo, na sitaazima.

Mume wangu alikuwa akiishi kwa pua yake. Wafanyabiashara wa Manono na Nyunzu wakifika Kalemie kununua ndakala kavu, dagaa wa ziwa letu, walimtafuta yeye kwanza ndipo watafute mahali pa kulala. Aliingiza mkono kwenye gunia hadi kwapani, akachota samaki wa chini kabisa, kule wauzaji wanakoficha dhambi zao. Akawasugua katikati ya viganja, akawapulizia pumzi ya moto, akanusa. Kisha akasema: hawa walinyeshewa wakaanikwa tena. Au: hawa ni wazima, lipa. Hakubishana na mtu. Pua ile ilitulisha, ikalipa minerval, ada ya shule ya watoto, ikaezeka nyumba. Nikitoka sokoni jioni, nilikuwa sijavua hata kandambili, naye bila kugeuza kichwa ananiambia nilikaa karibu na nani, mama wa mawese au mama wa sabuni.

Basi kikohozi kikaja. Sigara alianza kuvuta akiwa kijana, na daktari akamwambia achague, sigara au kifua. Akachagua kifua. Hapo ndipo mdogo wake akatokea na sigara ya umeme, kile kidude cha kuchaji, akisema huko Kigoma wengine wameacha sigara kwa njia hiyo. Sikupinga. Nilishukuru hata, naomba ikumbukwe.

Shida ilikuwa majimaji ya kutia ndani. Aliyopenda shemeji hayakuuzwa hapa, kwa hiyo akawa anayachanganya mwenyewe juu ya meza yangu: galoni la maji mazito yasiyo na harufu, kichupa cha nikotini, na yale maarome yake, vionjo vya kutia ladha na harufu. Nilimwangalia kama mtu anavyomwangalia mbuzi karibu na maharage yaliyoanikwa. Alipima kwa bomba la sindano, sehemu kumi za arome kwa kila mia. Ndizi kumi, mnanaa kumi, keki kumi. Kila kitu kumi. Mtu anayetia chumvi na pilipili kwa kijiko kimoja hafai kuachiwa jiko, nami nilimwachia.

Akishatikisa chupa, papo hapo anampa kaka yake, anayemwita yaya, avute.

"Yaya, unasikia namna gani?"

"Sisikie kitu."

"Basi tuongeze."

Wakaongeza. Kumi ikawa kumi na tano, kumi na tano ikawa ishirini. Kadiri arome ilivyopanda, mume wangu alizidi kusema hasikii kitu, na mdogo wake akazidi kumwagilia. "Dawa ya moto ni moto," alisema, kama vile ndiye aliyeitunga methali. Siku ile nilimwambia maji yamezidi unga. Akacheka. Akasema, "Shemeji, weye uko mama wa samaki. Hii ni mambo ya kiufundi."

Nilimchukia kwa neno lile, na chuki yenyewe bado ninayo, haijapungua.

Kisha maharage yakaungua. Nilikuwa kwa jirani, nikasikia harufu nikiwa upande wa pili wa ua, nikakimbia. Mume wangu alikuwa amekaa hatua chache kutoka jikoni, katikati ya wingu lake tamu, anatazama simu. Sufuria ilikuwa nyeusi. Nikamuuliza, "Papa, husikii?" Akainua kichwa, akavuta hewa puani kwa bidii, akaniangalia. Niliona ameogopa. Nami niliogopa kuliko yeye.

Haikuchukua muda. Alimchagulia mteja wake wa zamani wa Manono magunia ya ndakala, akayapitisha yote. Yalipofika, yalikuwa na ukungu. Mteja hakutukana, alituma salamu tu, na baada ya salamu zile hakumtafuta tena. Ufukweni kwa wauza samaki habari haihitaji redio. Mume wangu akawa anashinda nyumbani, anavuta wingu, na mdogo wake anamfariji kwa kumwongezea mnanaa.

Mtaniuliza kwa nini sikutupa vile vichupa mtoni Lukuga. Nilijaribu jambo dogo kuliko hilo: nilificha kile kidude asubuhi moja. Kabla ya mchana alikuwa ameshanunua sigara kwenye kibanda, na usiku kifua kikamkoroma mpaka watoto wakaamka. Nikakirudisha. Hilo ndilo lililoniunguza. Nilikichukia kitu ambacho sikuweza kukitupa, kilicholetwa na mtu ambaye sikuweza kumfukuza. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ningempa jembe angeuliza lina arome gani.

Njia ilipatikana nyuma ya gunia la makaa. Nilikuwa nafagia, nikakuta chupa iliyobingirika huko tangu siku za mwanzo, ile ndizi ya kwanza kabisa, ya sehemu kumi, waliyoisema haina kitu. Nikadondosha tone kiganjani. Sikujua namna nyingine, nikafanya alivyofanya mume wangu kwa samaki: nikasugua, nikapulizia pumzi, nikanusa. Ilikuwa ndizi tupu, nzito, mpaka ikanipanda kichwani. Kumbe arome inataka kulala kwanza ndani ya yale maji, kama mchuzi wa jana unavyoshinda wa leo. Wao walikuwa wakiionja mbichi, wakiilaumu, wakiiongeza. Na arome zilipoamka zote pamoja, zilimlalia mume wangu puani.

Niliweka chupa ile mezani mbele ya shemeji, nikamwambia, "Kuanzia leo nitachanganya mimi."

"Shemeji, hii haiko kupika."

"Iko kupika. Tena weye hujui kupika. Toka kwa jiko yangu."

Alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama chini, akasema polepole, "Muache mama ajaribu."

Keki ya maziwa niliimwaga njiani kwenda msalani, na njia ile ilinuka sherehe mpaka mvua ilipokuja. Arome ya mdalasini nayo niliitupa, ilikuwa inakwaruza koo. Ndizi niliishusha nusu. Mnanaa ulikuwa mjeuri, ukiukaribisha kidogo unachukua nyumba nzima, kwa hiyo niliupa tone moja kwa chupa, na chupa ilipoisha nikaunyima hata hilo. Kila nilichochanganya nilikifungia kabatini chini ya vitenge vyangu, kilale mpaka niseme mimi. Nikotini nayo niliipunguza kila chupa mpya, polepole, kwa sababu kikohozi cha sigara za kibandani nilikuwa nimekisikia.

Mume wangu alinung'unika.

"Mama, hii ni kama maji."

"Kunywa, basi."

"Unanifanyia ukali."

"Ndiyo."

Nikamwambia pua ni kama jicho. Ukitoka kwenye moshi huoni mpaka upumzike. Nilijua? Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, kwa sababu hasira inakupa sauti hiyo bure. Usiku nilikuwa nikimwomba Mungu isiwe nimesema uongo, maana kama pua ile imekufa, basi sisi tunakula nini?

Shemeji hakukaa kuona mwisho. Alipata kazi kule mji wa Bendera, kwenye mitambo ya umeme, au alisema amepata. Alipita mtaa mzima kuaga, akiwaambia watu nimemkamata kaka yake kwa dawa. Kwangu hakuaga. Nami sikumsindikiza.

Kwa sababu lazima tule, nikaanza kwenda ufukweni mimi. Nilichota chini, nikasugua, nikapuliza, nikanusa, na wauzaji wakanicheka waziwazi. Mteja mmoja wa Nyunzu alikubali nimchagulie, kwa huruma nadhani, na huruma yake ilinikera kama kicheko cha wale wengine. Lakini magunia ya kwanza yalifika salama, akarudi. Nikaanza kutembea kifua mbele. Wale waliocheka niliwapita bila salamu.

Chupa iliyofuata niliyomtengenezea mume wangu haikuwa na arome hata moja. Aliivuta mara chache kwa siku, kama mtu anayetafuna kijiti.

Ilikuwa msimu wa mvua. Nilirudi alasiri na magunia mapya ya mteja wangu, nikayasimamisha ukumbini, nimeridhika kabisa. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, amenipa mgongo, anarekebisha redio. Nikapita nyuma yake.

"Mama."

"Nini tena?"

Hakugeuka. "Ndakala ya leo ulipewa na nani?"

"Inakuhusu nini?"

"Ilinyeshewa. Iko inanuka kwa kitenge yako."

Moto ulinipanda. Nilikuwa nimeyanusa magunia yale yote mwenyewe, moja moja, mbele ya muuzaji anayeapa kwa mama yake. Nikamwambia asinifundishe kazi, mtu anayeshinda kwenye kiti. Nikaenda kwenye gunia la kwanza, zima. La pili, zima. La tatu nikazamisha mkono hadi kwapani, mpaka kwenye kona ambayo sikuifikia ufukweni, nikachota, nikasugua, nikapuliza. Ukungu.

Mimi niliyetia pua gunini sikuusikia. Yeye alikuwa ameusikia kwenye nguo, mgongo umegeuka.

Nilimtukana muuzaji yule na ukoo wake. Nikamtukana shemeji, huko Bendera alikokuwa. Halafu nikakaa juu ya gunia lile bovu, nikalia, na mume wangu akaacha redio akaja kunitazama, akidhani nalilia hasara. Nilikuwa sijawahi kufurahi namna ile.

"Si kitu," aliniambia. "Kesho tutaenda wote wawili, nikuonyeshe."

"Utaenda peke yako," nikamjibu. "Mimi nina kitenge cha kufua."